Vidole vya Nyanya Yako

Buleusa, mwezi wa Rozari

Mwanangu,

 

Barua yako ilifika Jumanne, imekunjwa mara nne, inanuka petroli na samaki mkavu wa yule mwenye pikipiki. Niliisoma mara mbili mchana, na mara ya tatu usiku kwa mwanga wa simu mpaka betri ikakata. Ningeweza kukupigia, lakini unajua huku kupata rezo ya simu ni mpaka upande kilima, na kule juu kila mtu anasikiliza ya mwenzake. Uliloniuliza si la kupigiwa kelele kilimani.

Unasema umeacha kusali Rozari. Muda unao, hukunidanganya kwa hilo. Unasema ukiishika, midomo inakwenda na moyo haupo. Ukifika fumbo la tatu tayari uko kwenye mtihani, kwenye deni la chumba, kwenye habari ya baba yako ambayo haiji, na unaona ni uongo kumwambia Mama wa Mungu Salamu Maria hamsini ambazo hata moja huisikii ndani. Kisha mwenzako mnayelala naye chumba kimoja, yule anayesali kwenye kanisa la uamsho, akakwambia kwamba imani ni ya moyo, si ya shanga. Ukanyamaza, kwa sababu uliona amesema kweli.

Amesema kweli, ila ameishia katikati ya njia. Mimi sikusoma kama wewe, na sina vitabu zaidi ya Biblia na kile cha Legio ya Maria kilichopoteza jalada. Nitakueleza kwa njia ninayoijua.

Mwaka 1993, vita ilipowaka Walikale na Masisi, nilikuwa na miaka tisa. Tulitoka usiku. Nyanya yako alimfunga mdogo wetu mgongoni. Baba yako, mwenye miaka kumi na miwili, alibeba sufuria lenye unga kichwani na hakulimwaga hata mahali tulipoteleza. Rozari ya mama ilibaki ukutani kwenye msumari, karibu na picha ya Moyo Mtakatifu. Aliikumbuka tulipokwisha kuvuka mto wa pili. Alisimama kidogo. Kisha akafungua viganja vyake akavitazama kama mtu anayehakikisha chenji ya sokoni. Vidole kumi. "Iko," akasema, tukaendelea.

Tulikaa msituni zaidi ya wiki mbili. Kila jioni alisali kwa vidole, akikunja kimoja kimoja, na mafumbo aliyahesabu kwa vijiti vitano alivyovichomeka kwenye udongo. Sauti hakutoa, maana sauti ilikuwa hatari. Hata kikohozi cha mtoto tulikizima kwa kitenge. Midomo tu ndiyo iliyokwenda. Sawa na yako, mwanangu. Usiku mmoja nilimnong'oneza: "Mama, unasikia nini moyoni?" Nilitaka aniambie anamwona Bikira Maria amesimama kati ya miti na nguo ya buluu. Akajibu: "Nasikia njaa. Kunja kidole."

Miaka mingi nililichukulia jibu hilo kama la mtu aliyechoka. Siku hizi naona kwamba sijasikia mahubiri yanayolishinda.

Sisi tukisema "moyo" mara nyingi tunataka kusema joto: machozi kanisani, wimbo unaokupandisha nywele za mkono. Huo ni moyo pia, siudharau. Nami hulia kila mwaka tarehe 15 Agosti tunapoanza maandamano ya Kupalizwa. Lakini fungua Luka, sura ya pili, usome polepole. Mwinjili anatwambia mara mbili kwamba Maria aliyaweka mambo moyoni mwake. Mara ya kwanza ni baada ya wachungaji kuondoka. Mara ya pili ni baada ya kumtafuta mtoto siku tatu na kumkuta hekaluni, na hapo Luka ametangulia kusema wazi kwamba yeye na Yosefu hawakuelewa walichojibiwa. Hakuelewa, na akaweka. Mimi ghalani naweka maharage kwa sababu najua ni maharage. Yeye aliweka kitu ambacho hakukijua jina lake, miaka na miaka, mpaka msalabani na baada yake. Sioni mahali Luka anaposema kwamba alisikia utamu alipokuwa anaweka.

Kwa hiyo moyo wa Maria, ule tunaouita Moyo Safi, ni ghala kabla ya kuwa moto. Na ghala haliulizwi kila jioni kama lina furaha.

Nije kwenye mji wako. Wewe unasali Butembo, katika kanisa kuu linaloitwa Mater Ecclesiae, Mama wa Kanisa. Umepita mlangoni mara ngapi? Jina hilo Papa Paulo wa Sita alilitangaza tarehe 21 Novemba 1964, kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, siku ileile maaskofu walipopitisha hati juu ya Kanisa. Sura yake ya mwisho inamhusu Maria, na inaonya kwamba ibada ya kweli kwake haisimami juu ya hisia zinazopita bila kuzaa kitu, wala juu ya wepesi wa kuamini kila kinachosemwa. Mwonyeshe mwenzako. Si kwamba umshinde; mwambie tu kwamba jambo linalomsumbua liliwasumbua maaskofu wa dunia nzima kabla yeye hajazaliwa.

Sasa hesabu siku kumi kutoka hapo. Tarehe 1 Desemba 1964, Isiro, usiku, akauawa Anuarite.

Picha yake unaijua, iko kwenye kila kalenda ya parokia. Lakini nataka uangalie mfuko wake. Alikuwa mtawa wa Jamaa Takatifu, wa Bafwabaka, mzaliwa wa Wamba, hajatimiza miaka ishirini na mitano. Waasi wa Simba walikuja wakawapakia watawa kwenye lori, nao hawakujua wanapelekwa wapi. Mwenzetu huyo alichukua sanamu ndogo ya Bikira Maria akaitia mfukoni. Basi. Wengine wangechukua blanketi. Huko Isiro kanali mmoja alimtaka awe mke wake, akakataa, akapigwa, akadungwa na kupigwa risasi, naye akamwambia aliyekuwa anamwua kwamba anamsamehe. Wakamzika kwenye kaburi la pamoja. Miezi minane baadaye walipofukua, ile sanamu ndiyo iliyowasaidia kumtambua kati ya wafu. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenyeheri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Nimeifikiria sanamu ile mara nyingi nikichuma sombe. Njiani kwenye lori lile, moyo wake ulikuwaje? Watawa walionusurika walisimulia kwamba aliogopa, kwamba ile jioni hakuweza kula. Mtu wa hofu kama mimi na wewe. Hatujui kama alisikia utamu wowote. Tunachojua ni kwamba mkono wake ulikuwa na mahali pa kushika. Ukiniuliza imani ya moyo ina umbo gani, nitakwambia ina umbo la mfuko wenye kitu ndani.

(Na ukitaka mwingine wa kwetu Kongo, mtafute Isidore Bakanja wa Mbandaka, kijana msaidizi wa waashi, aliyepigwa hadi mgongo ukaoza kwa sababu hakutaka kuvua skapulari ya Bikira Maria kwenye shamba la Wazungu la Ikili. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909. Tarehe hiyo inatufuata.)

Lakini nisikupake mafuta. Shingoni na mfukoni kunaweza kukaa Maria, na moyoni pasiwe na mtu. Nimeona vijana wenye bunduki wamevaa rozari pamoja na hirizi na dawa ya maji, zote kwenye shingo moja, kama mtu anayeweka akiba katika benki tatu kwa sababu haamini hata moja. Nimeona mama anaongoza Rozari ya mtaa, akimaliza tu Amina anaanza kutaja majina ya jirani wanaostahili kufukuzwa. Mtakatifu Louis-Marie Grignion de Montfort, yule padri Mfaransa aliyeandika juu ya ibada ya kweli kwa Maria zaidi ya miaka mia tatu iliyopita (maandishi yake yalifichwa sandukuni, hayakuonekana mpaka 1842), aliwahesabu wenye ibada ya uongo aina saba. Padri alitusomea kwenye mafungo. Kuna wa nje, ambao ibada yao yote iko kwenye medali na idadi ya sala, kuna wasiodumu, kuna wanaomfanya Maria kifuniko cha dhambi zao. Nilijikuta kwenye aina tatu. Mama aliyekaa kando yangu alisema yeye ni nne, tukacheka mpaka tukatazamwa.

Na sasa nikupe la kwangu. Sitataja makabila, kwa sababu barua hupita mikono mingi, na wewe unajua.

Mwaka 2016, mambo yalipoharibika hapa Buleusa kati ya jirani na jirani, nyumba yetu iliungua. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, ulikuwa umeshapelekwa Lubero kwa mjomba wako. Sikukueleza nilivyokuwa. Nilikuwa nasali Rozari mbili kwa siku, na kati ya Salamu Maria moja na nyingine nilikuwa napanga nini kiwapate waliochoma. Kwa usahihi mkubwa. Nilijua mpaka mlango gani uungue kwanza.

Kikundi chetu cha Legio kilikuwa kinakutana chini ya mwembe, kwa kuwa kanisa lilikuwa limejaa watu waliokimbia. Meza ileile: kitambaa cheupe, sanamu ya Mama, mishumaa miwili, makopo mawili ya maua. Legio haimwachi mtu asali tu. Frank Duff aliianzisha Dublin mwaka 1921 kwa kwenda kuwatembelea wagonjwa wa hospitali, na mpaka leo kila wiki unapewa kazi, mnakwenda wawili, na mkutano unaofuata unatoa ripoti mbele ya wote. Wiki hiyo mwenyekiti akanitazama akasema: wewe na mwenzako, kuna mama fulani amejifungua chini ya turubai pale kwenye kambi, mwende mkamwone.

Alikuwa wa upande wa pili. Mwenyekiti alijua. Mimi nilijua kwamba anajua.

Nilikwenda kwa miguu tu. Nataka uelewe ninaposema miguu tu. Tulibeba ndizi na kipande cha sabuni, nikasimama mlangoni pa turubai kama askari, sikukaa, mwenzangu ndiye aliyezungumza. Kwenye mkutano nikaripoti: tumemtembelea mama aliyejifungua, mtoto ni wa kiume, hawana blanketi. Katibu akaandika. Hakuna aliyeuliza kama moyo wangu ulikwenda. Daftari la Legio halina mstari wa moyo. Wakati ule niliona ni unafiki mtupu, kama unavyoona wewe Rozari yako.

Wiki ya pili vilevile. Wiki ya tatu mwenzangu aliugua, sheria inataka wawili, nikamchukua msichana wa jirani, akabaki nje kucheza. Yule mama alikuwa anataka kwenda kuchota maji kabla mstari haujawa mrefu. Akanitazama. Nilimwona anapima. Kisha akanipa mtoto mikononi, akachukua bidoni, akaenda.

Alinipa mtoto wake kabla mimi sijampa hata salamu ya kweli. Mbingu hazikufunguka, mwanangu. Mtoto alinikojolea mpaka kwenye kitenge cha ndani. Nilikaa pale pengine nusu saa, nimelowa, nikiogopa akilia watu watasema nimemfanya nini. Lakini usiku ule, nilipofika fumbo la Kuzaliwa kwa Bwana, midomo ikataja jina la yule mtoto bila kuniuliza. Moyo ulikuja nyuma, baada ya miguu, baada ya midomo, kama kawaida yake. Moyo wangu ni mzee, hutembea na fimbo. Na haujafika wote. Kuna nyumba ambayo nikipita mbele yake mpaka leo nageuza uso. Nimemwambia Mama hivyo, anajua nyumba yenyewe.

Ndiyo maana siwezi kukwambia uache kusali mpaka moyo uwepo. Mimi ningekuwa bado nasubiri.

Niseme habari ya Kibeho, kule Rwanda, kisha nifunge, kwa sababu najua jambo lililo chini ya barua yako.

Kibeho sikufika, wanaotoka Goma wamefika wengi, wakarudi na maji kwenye chupa na hadithi zaidi ya maji. Chukua kilichothibitishwa. Tarehe 28 Novemba 1981, mwanafunzi aliyeitwa Alphonsine Mumureke, akihudumu katika chumba cha kulia cha shule, alitokewa na aliyejiita Mama wa Neno. Wenzake walimcheka. Kati ya waliomdhihaki zaidi ni Marie Claire Mukangango, na miezi michache baadaye ni yeye huyo, Marie Claire, aliyetokewa akapewa kazi ya kufundisha Rozari ya Mateso Saba. Askofu wa Gikongoro, Augustin Misago, hakuharakisha; alitamka kwamba ni kweli tarehe 29 Juni 2001, na akawakubali watatu tu. Kufikia wakati huo Marie Claire alikuwa ameuawa, mwaka 1995. Mwambie mwenzako wa chumba kwamba Mama huyu hupenda kuwachagua wanaocheka. Mwambie kwa upole lakini.

Rozari ile ina mafungu saba ya Salamu Maria saba. Teso la pili ni kukimbilia Misri; hilo huku halihitaji mahubiri, kila mtu ana Misri yake. La tatu ni kupotea kwa mtoto, siku tatu za kuuliza kila msafiri: mmemwona?

Baba yako alikwenda machimboni, na misimu miwili ya mvua imepita. Nimeuliza kila anayetoka kule akiwa na vumbi la mawe kwenye nguo. Wengine wanasema walimwona, ila nikiuliza ana kovu upande gani wa kidevu, wanakosea. Unasema unakwama fumbo la tatu kwa sababu mawazo yanakwenda kwa baba yako, na unaona hiyo ni kutangatanga. Nani alikwambia ni kutangatanga? Maria alitembea njia ileile, akiuliza swali lilelile, na alipopata jibu hakulielewa. Wewe uko palepale alipokuwa. Usijivute kurudi kwenye maneno kama mbuzi anayevutwa kamba. Mtaje baba yako, hapohapo katikati ya Salamu Maria, kisha endelea na iliyobaki.

Mwenye pikipiki amekwisha washa injini, anapiga honi kama tumekosana. Nimekutumia sombe iliyotwangwa, mawese chupa moja (ifunge vizuri, usiiweke karibu na vitabu), na ndani ya karatasi ya sukari kuna rozari ya nyanya yako. Si ile iliyobaki ukutani, hiyo hatukuikuta tuliporudi. Hii aliitunga mwenyewe kwa zile mbegu za kijivu zinazoota kando ya kijito, zenye tundu la asili, na uzi wa nyavu. Mbegu mbili zimepotea. Niliweka maharage mahali pake, vidudu vikayala. Ukifika pengo hilo, unajua la kufanya. Na kama jioni hiyo huna kitu tumboni, pika kwanza.

Shangazi yako